Kwa Nini Majemadari Wakubwa Waliangushwa? Kutoka kwa Napoleon hadi Mlozi wa Karonga



Ndugu wasomaji, ukurasa huu umetokana na ubishi. Jumamosi moja jioni, mvua ikiwa imetufungia ndani kama kawaida yake hapa Kawetele, wanafunzi wetu wanaosoma sekondari walianza kubishana ni nani aliyekuwa jemadari mkubwa zaidi katika Ulaya, Napoleon Bonaparte au Adolf Hitler. Walikuwa wametoka kusoma habari zao shuleni, na kila upande ulikuwa na hesabu yake ya nchi zilizotekwa na majeshi yaliyopigwa. Baadaye ubishi ukageuka. Kama walikuwa wakubwa kiasi hicho, mbona wote wawili waliangushwa? Kijana mmoja akajibu kwa kujiamini kabisa: "Baridi ya Urusi." Wenzake wakakubali, na hoja ikaonekana imekwisha.

Sisi tunaoandaa jarida hili hatukuridhika. Watu wa Tukuyu hatuidharau baridi. Mwezi wa Juni na Julai watoto wetu huja darasani asubuhi wamevaa masweta mawili mawili na bado wanatetemeka. Lakini theluji ya Urusi iliwaangukia Warusi pia, nao hawakuangamia. Kumtupia lawama yote baridi ni kumwachia jemadari nafasi ya kusema kuwa hakukosea kitu, ni hali ya hewa tu. Ndiyo maana tumeamua kuandika.

Tuanze na huyo Napoleon. Mwezi wa Juni mwaka 1812 aliingia Urusi na jeshi ambalo kwa jumla yake lilizidi watu nusu milioni. Tarehe 14 Septemba alikuwa ndani ya mji wa Moscow. Katika safari hiyo, ambayo ilikuwa ya kiangazi, alikuwa amekwisha kupoteza watu wengi mno kwa homa, kuharisha, njaa na uchovu, na farasi walikuwa wakifa kwa kukosa malisho. Hapo theluji ilikuwa bado haijaanguka. Tena vijana wetu wengi hawakujua kuwa karibu nusu ya jeshi lile hawakuwa Wafaransa. Walikuwemo Wajerumani wa falme mbalimbali, Wapoland, Waitaliano, Waustria na wengineo, watu ambao nchi zao zilikuwa zimepigwa na Napoleon au kulazimishwa kuwa rafiki zake. Walimfuata kwa sababu alikuwa anashinda.

Alipoanza kushindwa, waliondoka mmoja mmoja. Tarehe 30 Desemba 1812 jemadari wa Prussia aliyeitwa Yorck, aliyekuwa akipigana upande wa Napoleon, alipatana na Warusi akayatoa majeshi yake vitani. Mwezi wa Oktoba 1813 katika vita vya Leipzig mambo yakawa ya ajabu zaidi: wanajeshi wa Saxony waliokuwa katika safu za Wafaransa walihamia upande wa adui katikati ya mapigano. Huko Hispania nako, ambako mwaka 1808 alimweka kaka yake Joseph awe mfalme bila kuwauliza wenyeji, wakulima walikuwa wamewachosha Wafaransa kwa miaka kwa vita vya kuvizia. Mwezi wa Machi 1814 maadui waliingia Paris. Alirudi tena mwaka uliofuata, akapigwa Waterloo tarehe 18 Juni 1815, na akafia uhamishoni katika kisiwa cha St Helena mwaka 1821. Sasa, baridi ya Urusi ilihusika vipi na wale Wasaksoni wa Leipzig?

Habari za Hitler tutazieleza kwa kifupi, na kwanza tuseme jambo moja. Tumewahi kukuta jina lake limechorwa kwa madaha juu ya daftari la mwanafunzi wetu, kana kwamba ni jina la mchezaji mpira. Mtu huyo aliamrisha kuuawa kwa Wayahudi wapatao milioni 6, wanawake na watoto wachanga wakiwemo, pamoja na mamilioni ya watu wengine. Hapana sababu ya kulipamba daftari kwa jina lake. Tukirudi kwenye hoja yetu, majeshi yake yaliingia Urusi na nchi zilizokuwa chini yake tarehe 22 Juni 1941. Katika baadhi ya vijiji vya Ukraine walipokewa kwa mkate na chumvi, ambayo ndiyo heshima ya mgeni katika nchi hizo. Watu wale walikuwa wameumia chini ya Stalin. Njaa ya mwaka 1932 na 1933 ilikuwa imewaua kwa mamilioni, na walidhani mgeni huyu amekuja kuwaokoa. Mgeni akawapora nafaka, akawachukua vijana wao kwa nguvu kwenda kufanya kazi Ujerumani, akachoma vijiji. Haukupita muda misitu ikajaa wapiganaji waliokuwa wakiharibu reli zake usiku. Mwaka 1943 jeshi lake lilisalimu amri Stalingrad, na tarehe 30 Aprili 1945 alijiua.

Maoni yetu basi ni haya. Jemadari anapoanguka sisi hutazama vita vya mwisho na adui aliyempiga, lakini mara nyingi anguko lilianza mapema zaidi, kwa watu wa katikati: wale majirani aliowashinda zamani akawaacha na vidonda vyao. Siku adui mwenye nguvu zaidi anapobisha hodi, wao ndio wanaomfungulia mlango.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la makafiri peke yao. Tariq bin Ziyad alipovuka bahari kuingia Hispania mwaka 711 alikuwa na watu wachache, na moja ya sababu za kufanikiwa haraka ni kuwa wenyeji wengi, hasa Wayahudi, walikuwa wamechoshwa na dhulma ya wafalme wao wa Kigothi. Karne tatu baadaye, ukhalifa wa Cordoba ulipovunjika mwaka 1031, watawala wa Kiislamu wakagawana miji, wakawa wanamlipa mfalme wa Kikristo ushuru ili wasishambuliwe, na wengine wakimtumia dhidi ya Waislamu wenzao. Mji wa Toledo ukaondoka mwaka 1085. Granada iliendelea hadi 1492, lakini mlango ulifunguliwa na wenye nyumba wenyewe miaka mingi kabla ya hapo.

Lakini kwa nini tuende Hispania? Stanley, yule mwandishi wa magazeti aliyezunguka nchi zetu, alipomwona Mirambo mwaka 1876 alimfananisha na Bonaparte. Kwa hiyo Napoleon wetu tunaye, hapo Urambo.

Mirambo alikuwa mtemi wa Uyowa, utemi mdogo tu katika Unyamwezi. Alikusanya vijana waliokuwa wamepotea katika misukosuko ya wakati ule, mateka waliotoroka, wapagazi waliokosa kazi, akawapa bunduki. Hao ndio rugaruga. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, na Waarabu wa Tabora wakapigana naye kwa miaka kadhaa wasimweze. Stanley mwenyewe alijiunga na Waarabu katika vita hivyo akakimbia pamoja nao. Mirambo alikuwa na akili kuliko wengi tunaowataja humu. Alipomshinda mtemi, mara nyingi alimtafuta ndugu wa mtemi huyohuyo aliyekubali kumtii akamkalisha kitini, ili wenyeji wasione kuwa wametawaliwa na mgeni. Hata hivyo utii wote ule ulikuwa umefungwa kwenye shingo ya mtu mmoja, na rugaruga walilipwa kwa nyara. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884 kwa maradhi, wala si vitani. Mdogo wake Mpandashalo alirithi jina na bunduki, ila hakurithi hofu ambayo watu walikuwa nayo kwa kaka yake. Watemi waliotekwa wakajitoa, naye akauawa vitani mwaka 1890. Wajerumani walipofika, dola ya Mirambo haikuwepo tena ya kupigana nayo.

Mkwawa ni habari nyingine, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana huyu ndiye anayependwa zaidi na vijana, nasi pia tunampenda.

Baba yake Munyigumba ndiye aliyewaunganisha Wahehe, akafariki mwaka 1879. Mkwawa akaiendeleza kazi ile kwa mkuki. Aliwapiga majirani pande zote, na walioumia zaidi ni Wasangu wa Merere. Wasangu hao nao hawakuwa malaika. Kabla ya hapo walikuwa ndio wakubwa wa nyanda hizi, wakivamia nchi za wengine na kuchukua ng'ombe, na huku kwetu Unyakyusa walifika pia. Wahehe wakawafukuza kutoka makao yao ya Utengule kule Usangu, wakahamia upande wa Mbeya. Kuna Utengule nyingine huko mpaka leo, na jina lilihama pamoja na watu. Fikiri uchungu wa mtawala anayelibeba jina la mji wake kwenda nalo ugenini.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani likiongozwa na Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, lilikuwa likipita Lugalo kwa mstari mmoja mrefu kwenye njia nyembamba, bunduki nyingi zikiwa hazijashindiliwa risasi. Wahehe walikuwa wamelala majanini. Kwa muda mfupi Zelewski aliuawa pamoja na wazungu wengi aliokuwa nao, na askari na wapagazi kwa mamia. (Wengi wa askari wale walikuwa Wasudani, yaani Waislamu wenzetu, waliokodiwa kutoka mbali kuja kufa Uhehe kwa vita visivyo vyao. Hawatajwi sana.) Ulaya nzima ilisikia habari za Lugalo. Mkwawa akajikusanyia bunduki na mizinga, na ngome yake ya Kalenga ilikuwa na ukuta wa mawe ambao watu waliamini hauvunjiki.

Ukuta ulivunjika tarehe 30 Oktoba 1894. Mizinga ya gavana von Schele ilifanya kazi yake, na hilo hatulikatai. Lakini Mkwawa hakukamatwa Kalenga. Aliendelea kupigana msituni karibu miaka 4, na katika muda huo mizinga haikuwa na faida kubwa, maana huwezi kupiga mzinga mtu usiyejua amelala wapi. Kilichohitajika ni watu wanaoijua nchi, na Wajerumani waliwapata. Merere wa Usangu alikuwa upande wao tangu mapema, akitaka kurudishiwa nchi yake, na akarudishiwa. Mwaka 1896 von Prince alijenga boma la Iringa na kumkalisha Mpangile, nduguye Mkwawa, awe mtawala. Haukutimia hata mwaka mmoja, mwezi wa Februari 1897, Wajerumani walewale wakamnyonga Mpangile kwa kumshuku kuwa anamsaidia kaka yake. Mashamba yalichomwa ili watu wasimpe chakula. Rupia 5,000 ziliahidiwa kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi asichukuliwe mateka. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na hakikurudi hadi mwaka 1954.

Kuna wazazi watakaosema tunamvunjia heshima shujaa. Hapana. Ujasiri wa Mkwawa hauna shaka, na kichwa chake kilidaiwa hata katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Tunachosema ni kuwa mwaka 1891, baada ya Lugalo, lau angekuwa na Msangu upande wake, na Mbena, na Mgogo, Wajerumani wangepata tabu ya namna nyingine kabisa. Hakuwa nao kwa sababu kwa miaka zaidi ya 10 wao ndio waliokuwa wakichomewa nyumba na vijana wake. Merere hakuwapenda Wajerumani. Alimchukia Mkwawa, basi. Naye akapata malipo yake: alirudi Utengule akiwa chini ya boma la mzungu, analipa kodi kama wengine.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Mwaka juzi mtoto wetu mmoja wa darasa la sita alirudi nyumbani analia. Wenzake wa shule walimwambia kuwa Waislamu ni watoto wa wauza watumwa, "watoto wa Mlozi." Mtoto hakumjua Mlozi ni nani. Baba yake alitaka kwenda shuleni kugombana, na wazee wakamzuia. Tulipokaa kulizungumza jambo hili tukakuta kuna maoni mawili miongoni mwetu. Wengine walisema tumwambie mtoto kuwa ni uongo wa wamisionari, hayakuwepo hayo. Wengine walisema tumwambie kuwa Mlozi alikuwa shujaa, kwa kuwa alipigana na Waingereza. Sisi tunasema majibu yote mawili ni mabaya, na tunaeleza kwa nini.

Mlozi bin Kazbadema alikuwepo. Alikuwa mfanyabiashara wa Kiswahili mwenye asili ya Kiarabu, akajenga maboma ya miti na udongo karibu na Karonga, ng'ambo ya Songwe, mahali ambapo mtu wa Kyela huenda sokoni na kurudi siku hiyohiyo. Aliuza pembe za ndovu na aliuza watu. Mwaka 1887 alijitangaza kuwa sultani wa nchi ya Wangonde. Wangonde ni ndugu wa Wanyakyusa, lugha zao zinasikilizana, na wengi wetu tuna wajomba huko. Mwezi wa Oktoba mwaka huo watu wake waliwashambulia Wangonde, na waliokimbilia kwenye matete ya ziwa dogo la Kambwe wakachomewa moto humo humo. Waliotoka nje walipigwa risasi, na waliorudi majini walikutana na mamba. Walioandika habari hizi walikuwa Waingereza wenye kampuni yao ya kulinda, na ni haki kulikumbuka hilo tunaposoma. Lakini mamia ya watumwa waliotolewa ndani ya boma lake baadaye walikuwa watu wa nyama na damu.

Kampuni ya Waingereza pale Karonga mwaka ule ilikuwa na wazungu wachache tu wasio wanajeshi. Peke yao wasingemaliza mwezi. Waliishi kwa sababu Wangonde waliwakimbilia wakawa upande wao, na wapiganaji kutoka upande wetu huu wa Unyakyusa wakateremka kuwasaidia. Lugard, ambaye baadaye alikuja kuwa mtu mkubwa sana Uganda na Nigeria, alikuja kuongoza vita vile mwaka 1888 akapigwa risasi mbele ya boma akashindwa. Mkataba ukafanywa mwaka 1889. Mwaka huohuo Jumbe wa Nkhotakota, Mwislamu wa pwani kama Mlozi na mfanyabiashara wa watumwa kama yeye, alitia saini na Johnston wa Uingereza, akamwacha mwenzake peke yake. Mwezi wa Desemba 1895 Johnston akaja kwa meli za ziwani na mizinga na askari wa Kisikh kutoka India. Boma lilipigwa, Mlozi akakamatwa, akahukumiwa na wazee wa Kingonde mbele ya Waingereza, akanyongwa. Haikuwa mahakama ya kusifiwa. Hukumu ilikuwa imekwisha kukatwa kabla hajafikishwa. Lakini tazama waliokaa kumhukumu ni akina nani. Ni wale wa Kambwe.

Kwa hiyo mtoto wetu aambiwe kweli. Aambiwe Mlozi alikuwa na jina kama letu na alifanya dhulma, na kuwa kumuuza mtu huru ni katika madhambi makubwa tuliyofundishwa tangu chuoni. Tena tumefundishwa kuiogopa dua ya aliyedhulumiwa, bila kuambiwa kwanza tuulize dini yake. Aambiwe pia kuwa Uislamu wa Tukuyu haukuletwa na Mlozi. Katika miji ya boma kama huu wetu dini ilikuja na makarani, mafundi, wachuuzi na askari waliooa wenyeji wakazaa, wakafundisha watoto wa jirani alifu kwa kijiti. Na akiulizwa tena shuleni asipigane. Awasimulie wenzake habari za Kambwe vizuri kuliko walivyozisikia wao, kisha awasimulie na habari za Jumbe na Johnston, jinsi Waingereza walivyowakomboa Wangonde kwa mkono mmoja na kuichukua nchi yao yote kwa mkono wa pili.

Maana hilo nalo ni sehemu ya habari. Aliyefungua mlango hakuachiwa nyumba. Si Merere, si Wangonde.

Na boma letu je? Kutoka Kawetele mwanafunzi anatembea kwa miguu tu kufika pale Wajerumani walipojikita. Walikuja kupitia ziwani. Mwaka 1893 walikuwa na meli yao ya vyuma, Hermann von Wissmann, na kituo cha Langenburg ufukweni Lumbila, halafu wakapanda huku kwenye hewa nzuri wakaita mji huu Neu Langenburg. Mwaka 1897 Wanyakyusa walijaribu kuwazuia kwa mikuki karibu na mto Lufilyo wakakutana na bunduki ya mtombo. Jambo moja wazee wetu walikuwa nalo ambalo Wahehe hawakuwa nalo: hapakuwa na mfalme mmoja. Kila kizazi machifu waligawana nchi na wana wao, vijiji vikaongezeka, na Mjerumani hakupata shingo moja ya kukata ili nchi nzima inyamaze. Wengine wanasema huo ulikuwa udhaifu, na labda kweli, kwa kuwa hakukuwa na Lugalo hapa kwetu. Lakini pia hakukuwa na jirani wengi wenye kisasi na Mnyakyusa.

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen iliikuta Hermann von Wissmann imepandishwa ufukweni Liuli kwa matengenezo ikaipiga mzinga. Nahodha wake Mjerumani alikuwa hajapata hata habari kuwa vita imeanza. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya jenerali Northey yaliingia Tukuyu, na Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Miaka 23 tangu meli ile ishushwe majini, basi. Walikuwa wamenyonga machifu, wametoza kodi ya kibanda, na kule kusini na mashariki wameizima Maji Maji ya 1905 hadi 1907 kwa kuchoma vyakula mpaka watu wakafa kwa mamia ya maelfu. Jina la Neu Langenburg likaondoka pamoja nao. Hata huko Ulaya walikokwenda kushindwa mwaka 1918, mataifa waliyoyatawala na washirika wao yalikuwa yakijitoa moja baada ya jingine, kama Wasaksoni wa Napoleon.

Ubishi wa ile Jumamosi haukwisha vizuri. Yule kijana wa baridi ya Urusi alisikiliza yote haya, kisha akauliza: kama Waingereza nao walifunguliwa mlango na Wangonde na wakatawala zaidi ya miaka 40 katika nchi hii, wao mbona hawakuanguka kwa kishindo? Swali hilo tumeliweka katika mjadala wa muhula ujao, na mzazi mwenye kumbukumbu za miaka ya 1950 anakaribishwa kuja kuzungumza.

Tumekubaliana pia kuwa, Insha'Allah, likizo ya Desemba wanafunzi wakubwa waende Iringa. Basi litapita pembeni mwa Usangu, tutawaonyesha, halafu Kalenga kwenye makumbusho kiliko kichwa cha Mkwawa, na nauli ikitosha tutafika hadi Lugalo. Wazazi wanaombwa kuchangia mapema. Daftari la majina liko kwa mwalimu wa zamu, na hadi tunapeleka jarida hili kuchapwa lilikuwa na majina 17, la kwanza likiwa la yule yule wa baridi ya Urusi.